Aliyevushwa Madaraja

Asubuhi ile Thoa alikuwa anakata majani ya vitunguu, kama kila asubuhi, mama yake alipomwambia kwamba kabla ya mwezi mpevu wa mwezi wa saba anataka Tuyen awe amerudi nyumbani. Bi Nhai alisema hivyo bila kuinua macho kwenye sinia la maharage aliyokuwa akichambua, kama mtu anayekumbusha kwamba chumvi imekwisha. Wateja walikuwa wameshavuta viti vyao vya plastiki mbele ya nyumba. Hapa Nam Dinh mtu akikosa bakuli lake la supu ya tambi kabla ya kazi huwa mkali mpaka jioni, kwa hiyo Thoa akaendelea kukata.

Sisi majirani tulikijua kisa cha Tuyen. Alikuwa kitinda mimba wa Bi Nhai, kijana wa maneno machache na miguu myepesi. Siku moja aliacha kazi yake kwenye ghala la vitambaa, akawasha pikipiki, akaelekea kusini. Ukimwuliza kesho atalala wapi, anacheka. "Mtembea bure si sawa na mkaa bure," alikuwa akimwambia dada yake kwenye simu. Na Thoa, ambaye hata sokoni huenda kwa saa ile ile na kurudi kwa njia ile ile, alikuwa na jibu lake: "Mtembezi hula miguu yake."

Kila mji aliofika, Tuyen alituma picha moja isiyo na neno. Hue. Da Nang. Quy Nhon. Mara ya mwisho kupiga simu alisema ameuza pikipiki, sasa anapanda basi lolote linalosimama. Halafu mafuriko ya mwaka jana yakaja. Basi moja la usiku, lile lenye vitanda vya abiria, likasombwa na mto kusini ya Quy Nhon, na tangu wiki ile simu ya Tuyen haikuita tena. Baadhi ya maiti zilitambuliwa, nyingine hazikuonekana kabisa. Zilizokosa wenyewe zilizikwa mchangani bila majina.

Mwezi wa saba wa kalenda yetu ya zamani ndio mwezi wa roho zisizo na kwao. Mwezi ukiwa mpevu, kila nyumba huwawekea uji mwepesi wa mchele nje ya geti, uliomiminwa kwenye majani yaliyokunjwa kama vikombe, pamoja na chumvi na mchele wa kuwarushia. Ni chakula cha wasio na mtu.

"Sitaki mwanangu agombee uji kwenye mageti ya watu," alisema Bi Nhai wateja walipoondoka. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, miguu imemvimba, na sote tuliona hana siku nyingi. "Nikitangulia mimi, nani atamwita ndani?"

Basi Thoa akaenda kwa Mzee Can, anayefanyia mtaa wetu mambo ya wafu. Mzee Can alimpa karatasi za dhahabu za kuwatupia wafu na sarafu mbili za zamani, akamwambia abebe shati la Tuyen na ndala zake. Kila mji ambao nduguye alipita, amwite, kisha arushe sarafu. Moja ikilala uso na nyingine mgongo, basi amekubali kuja. Baada ya hapo, kila daraja litakalokuwa mbele yake amwambie na kutupa karatasi moja, maana wafu wanaogopa maji na hawavuki wasipoambiwa.

"Na umwite kwa jina lote," alisema. "Jina, mwaka aliozaliwa, kijiji cha baba yake. Usifupishe, binti. Huko njiani wako wengi, na wote wamechoka kusubiri."

*

Thoa alipanda treni bila tiketi ya kurudi na bila chumba alichoagiza. Angeagizaje? Ramani yake ilikuwa zile picha za Tuyen kwenye simu: pembe ya ukuta, bakuli la tambi, mguu wake mwenyewe ukining'inia juu ya maji. Alipofika Hue akawa anawaonyesha wenye maduka, nao wanaigeuza simu huku na huku.

"Shangazi, ukuta kama huu Hue nzima inao," akamwambia dereva mmoja wa pikipiki huku akicheka. "Panda tu, tutazunguka mpaka petroli iniishie."

Wakazunguka. Thoa akaita kando ya mto, kwa sauti ya chini kwa sababu ya haya. Nguyen Van Tuyen, aliyezaliwa mwaka wa farasi, wa kijiji cha Vu Lao. Sarafu zikalala migongo yote miwili. Akaita tena kesho yake, na keshokutwa. Sarafu zilikataa.

Huko Da Nang alilala nyumba ya wageni yenye feni inayokwaruza, akaamka amechoka kuliko alivyolala. Hakujua ana siku ngapi pale, wala anakwenda wapi akitoka. Mara moja alikaa kibarazani akinywa kahawa, hana wa kumpikia, hana anayemwita, akaonja kidogo kile alichokuwa akikipenda nduguye. Akakasirika. Mwenzake amekunywa kahawa mpaka amefia huko, na yeye ndiye wa kumfuata na ndala mkobani. Aliita kwenye madaraja yote ya mji ule. Sarafu zikakataa.

Alipofika Quy Nhon miguu ilikuwa imevimba kama ya mama yake. Ilikuwa saa sita mchana, saa ambayo kila mwenye akili kule amelala, alipofika kwenye lile daraja refu linalokatiza hori la bahari. Picha ya mwisho ya Tuyen ilipigwa pale. Thoa aliitambua rangi ya kizuizi. Akachuchumaa kwenye ukingo, malori yakimpita na kumpigia honi, akaita kwa utaratibu wote. Sarafu zikakataa. Akaita. Zikakataa. Jua lilikuwa linamchoma utosini. Koo lilikuwa limekauka, na jina lile refu, na mwaka, na kijiji, vilikuwa vimeshamgeuka mdomoni vikawa kelele tu.

Akaegemea chuma cha moto. Akafumba macho.

"Mdogo wangu," akasema. "Basi. Twende nyumbani. Dada amechoka."

Hakutaja jina. Wala hakukumbuka kwamba hakulitaja. Akarusha sarafu, na alipofumbua macho, moja ilikuwa uso, moja mgongo.

Akarusha tena, ikawa vile vile. Akarusha mara ya tatu. Vile vile. Hapo Thoa alilia kwa sauti peke yake darajani, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Kisha akatupa karatasi ya dhahabu majini, akasema, "Daraja hili, mdogo wangu. Vuka." Akageuka kurudi mjini, na hakutazama nyuma.

*

Msichana wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni alinyoosha mkono. "Kitambulisho, dada. Na cha mwenzako."

"Niko peke yangu."

Msichana alitazama nyuma ya bega la Thoa, penye tangi la samaki. Akachukua kitambulisho kimoja, akampa ufunguo, kisha taulo mbili.

Thoa hakuogopa. Nataka mjue hivyo. Alifurahi. Alitandaza shati la Tuyen kwenye kitanda cha pili, akaweka ndala zake chini, kama alivyofundishwa, akalala usingizi wa gogo. Alipoamka jua lilikuwa limeelekea magharibi. Ndala zilikuwa zimelowa. Zilinuka tope la mto, na hazikuwa pale alipoziweka. Zilikuwa kando ya kitanda chake yeye, zimeelekezwa kwake.

"Tuyen?" alinong'ona.

Kitanda cha pili kilikuwa na bonde katikati.

Jioni aliagiza mabakuli mawili ya supu. Lake akala, la pili akaliacha mbele ya kiti kitupu, akasema "karibu chakula" kama tunavyosema sote kabla ya kushika vijiti. Alipomaliza akatazama. Supu ilikuwa pale pale. Tambi pale pale. Majani ya giligilani tu ndiyo yalikuwa hayapo.

Sasa, Tuyen hakuwahi kula giligilani. Tangu mtoto alikuwa akiyatoa jani moja moja na kuyabandika ukingoni mwa bakuli, mpaka mama yake anampiga kofi la mkono. Thoa alilikumbuka hilo. Akakaa nalo kidogo, kisha akalisukuma mbali. Nani anajua mtu akifa anatamani nini. Alitaka kulala tu, alitaka kufika.

Safari ya kurudi ilikuwa ya mabasi, moja baada ya jingine, lolote lililokwenda kaskazini. Nchi yetu ina mito mingi kuliko unavyodhani mpaka uambiwe uitaje yote. Thoa alikaa dirishani na karatasi zake. "Daraja hili, mdogo wangu." Akatupa. "Jingine hili. Vuka." Abiria wenzake walimwelewa, hakuna aliyemcheka. Mmoja hata alimfungulia dirisha. Lakini mahali fulani baada ya Dong Hoi mwili ulimshinda, akalala, na aliposhtuka walikuwa wameshaacha nyuma mto mpana unaong'aa.

Akaruka. "Tumevuka? Tumevuka tayari?"

Mama mmoja aliyekaa upande wa pili, mwenye kikapu cha vitunguu saumu mapajani, alimwinamia.

"Tulia, mwanangu," alinong'ona. "Yule kijana wako ameniagiza nikwambie ukiamka. Anasema usijali. Ameshavuka."

Thoa akamtazama. "Kijana gani?"

"Huyo uliyekaa naye." Yule mama alionyesha kiti cha pembeni kwa kidevu. Kiti kilikuwa kitupu. Kitambaa chake kilikuwa kimelowa, na maji yalikuwa yanachuruzika polepole kuelekea mlangoni.

*

Nyumbani, Bi Nhai alishapanga kila kitu. Picha ya Tuyen ilikuwa kwenye meza ya wahenga, bakuli la udi mbele yake, kitanda chake kimetandikwa shuka jipya. Thoa aliweka ndala mlangoni, akasema maneno aliyofundishwa, na Mzee Can akawasha udi. Sote tulikuwepo. Moshi ulipanda wima. Bi Nhai alishika kifua akasema, "Amefika. Namsikia." Akaomba chakula, yeye ambaye siku nyingi alikuwa anakunywa maji ya wali tu.

Kitu kimoja tu. Muc, mbwa mweusi wa Tuyen, aliyekuwa akiijua pikipiki yake tangu ikiwa kona ya soko, aliingia chini ya kitanda cha Bi Nhai na kukataa kutoka. Ukimvuta anajikojolea.

Siku zilizofuata zilikuwa za amani, ukipenda kuziita hivyo. Bi Nhai alinenepa kidogo. Alikuwa akikaa kando ya kile kitanda akizungumza, akinyamaza, akicheka. Kila asubuhi Thoa alibadilisha shuka lililolowa. Kila asubuhi alianika ndala, na kesho yake zilikuwa zimelowa tena. Aliweka bakuli la supu kwenye meza ya wahenga, akaliondoa halina giligilani. Alikuwa amechoka mno hata kuuliza.

Siku ya mwezi mpevu ikafika. Alasiri, kabla jua halijalegea, mageti yote ya mtaa yalikuwa na meza ndogo, udi, chumvi na mchele. Bi Nhai alisimama mwenyewe getini na sufuria la uji, kofia ya majani kichwani, akimimina kwenye majani yaliyokunjwa. Sasa alikuwa mama ambaye mwanawe ana kwao.

Thoa alikuwa mlangoni Muc alipompita kati ya miguu. Yule mbwa alikuwa anakimbia akilia kama mtoto, mkia unapiga huku na huku, moja kwa moja mpaka getini, na pale akamrukia kijana mmoja mwembamba aliyekuwa amesimama barabarani na mfuko begani. Kijana alikuwa ameungua na jua. Nywele zilikuwa ndefu, viatu vimefumuka.

Bi Nhai alimtazama. Akakunja jani, akamimina uji, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Kula, mwanangu," alisema. "Uko wa kutosha."

"Mama." Kijana hakupokea. "Mama, ni mimi. Tuyen."

"Wote husema hivyo," akamjibu kwa upole. "Pole. Najua umetoka mbali. Wangu ameshafika, yuko ndani amelala. Kula, kisha nenda salama."

Akachukua chumvi na mchele kwenye sahani, akamrushia kifuani, kama desturi inavyotaka.

Thoa aliona punje zikimgonga na kuanguka. Aliona jasho shingoni mwake. Aliona kivuli chake kirefu lamini, na Muc akilamba vidole vyake. Alikuwa mzima, mzima kabisa. Hakupanda basi lile. Simu iliibiwa Quy Nhon, pesa zikaisha, akapanda milimani kuchuma kahawa, akaona haya kurudi mikono mitupu, akaahirisha, akaahirisha tena. Hayo aliyasema baadaye. Pale getini alisema tu, "Dada, mbona mama hanijui?"

Thoa akafungua mdomo ajibu. Nyuma yake, ndani ya nyumba, kitanda kililia. Mtu alikuwa anaamka.

*

Mzee Can alikuja kesho yake. Alikaa muda mrefu akitazama ndala. Kisha akamwuliza Thoa swali moja, taratibu, kama mganga anayejua jibu.

"Ulimwita kwa jina?"

Thoa akalikumbuka lile daraja, na jua, na mdomo wake mwenyewe.

"Nilisema mdogo wangu," alinong'ona. "Nilikuwa nimechoka, mzee."

"Hata huyo aliyeitika." Mzee Can akasugua uso. "Ningekuwa na jina lake ningemwomba aende. Sina. Hakuna mwenye nalo. Amekufa bila jina, na mtu wa kwanza kumsemesha alimwita mdogo wake, akamvusha mito yote ya nchi, mama akamtandikia kitanda. Unataka nimwambie nini?"

Waliishusha picha ya Tuyen mezani, kwa kuwa mtu aliye hai hafukiziwi udi. Bi Nhai akairudisha. Waliishusha tena, akairudisha tena, bila ugomvi. Alimshika Tuyen mashavu kwa mikono yake, akamnusa nywele, akamtazama sana mpaka machozi yakamlengalenga. Thoa aliona mama amekaribia kumtambua, bado kidogo tu. Kisha mama akasema, "Unafanana naye sana."

Tuyen alijaribu kulala kitandani mwake usiku mmoja. Alfajiri tulimkuta amekaa barabarani, nguo zimelowa mpaka kifuani. Hakusema alichokiona na hatukumwuliza. Tangu hapo alilala kwenye viti vya wateja, mbele ya nyumba, na Muc miguuni. Mama yake alimpelekea chakula kila siku, kizuri, akimwita mgeni. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tuyen alishika jembe mwenyewe: aliosha mabakuli, alibeba mifupa ya supu kutoka sokoni, alitengeneza paa. Hakuna aliyemfukuza. Ni kwamba nyumba ilikuwa imeshajaa.

Baridi ilipoanza akafunga mfuko wake. Thoa alimsindikiza mpaka stendi. Tuyen hakuwa na mpango. Safari hii hakucheka alipoulizwa atalala wapi.

"Dada," alisema mguu ukiwa tayari kwenye ngazi ya basi, "siku ukinitafuta tena, taja jina."

Thoa alirudi kwa miguu. Alipofika akamkuta mama yake amepanga meza ya jioni, mabakuli matatu, ana uso wa mtu aliyeshiba raha. Akaketi. Hakuwa na nguvu ya kufanya jingine. Mabega yake yote yalikuwa yanauma, na mbele yake kiti cha tatu kilikuwa kimelowa.

"Karibu chakula, mama," alisema, kama inavyotakiwa. Halafu, kwa kuwa ni aibu kumkaribisha mmoja na kumruka mwingine, akakigeukia na kiti cha tatu. "Karibu chakula, mdogo wangu."

Mimi hununua supu pale kila asubuhi, na mabakuli huyaona yakirudi jikoni. Mpaka leo moja hurudi limejaa, supu na tambi na nyama, pasipo hata jani moja la giligilani. Na mlangoni, hata kiangazi, hata mwezi ambao hakuna tone la mvua Nam Dinh nzima, kuna ndala za kiume zinazochuruzika maji, zimeelekea ndani.